Simba wa Mgunda Mkali na Maji Yao

Katika vitabu vyenye picha za wanyama wa ulimwengu huonekana mnyama mmoja mkubwa wa jamii ya paka, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu na milia myeusi iliyoshuka mbavuni. Huyo ndiye chui milia. Watoto wa shule, waionapo picha yake, huuliza kama yuko katika mapori yetu. Hayuko, makao yake ni Asia, na hasa Bara Hindi. Lakini mtoto wa Singida hana sababu ya kuona wivu, maana katika mkoa wake mwenyewe wako simba na chui, na maisha ya hao yafanana na ya yule wa mbali kwa jambo moja kubwa: hawawezi kukaa mahali palipokosa maji na ulinzi.

Na tuanze kwa huyo wa mbali, kwa kuwa habari zake zina mafunzo. Chui milia hupenda maji kuliko paka wengi. Huogelea vizuri sana, na mchana wa joto huketi ndani ya kidimbwi hata maji yakamfika shingoni. Mwaka 1973 serikali ya India ilipoona ya kuwa mnyama huyu yu karibu kwisha, ilitenga mapori tisa ili alindwe humo. Baadaye mapori hayo yaliongezwa, na kwa hesabu ya mwaka 2022 nchi hiyo peke yake ilikuwa na chui milia zaidi ya 3,000. Walinzi wake hufanya kazi nyingi, na mojawapo ni ya maji: huchimba mabwawa, na kiangazi kikizidi huleta maji kwa magari na kuyamimina katika mabirika yaliyojengwa porini.

Walakini maji peke yake hayatoshi. Palikuwa na pori moja huko, jina lake Sariska, nalo lilihesabiwa miongoni mwa mapori yaliyolindwa. Kumbe wawindaji wa siri walikuwa wakiingia usiku, na ilipofika mwaka 2005 ikajulikana ya kuwa hapana hata chui milia mmoja aliyesalia. Visima vilikuwapo, mbawala walikuwapo, bali mnyama mwenyewe hakuwapo. Ikabidi waletwe wengine kutoka pori la Ranthambore, kuanzia mwaka 2008.

Sasa turudi kwetu. Mtu atokaye Dodoma kwenda Tabora hupita Manyoni na Itigi. Nchi hiyo, zamani za misafara, ilikuwa na jina la kutisha: Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Ilikuwa nyika iliyotenga Ugogo na Unyamwezi, na waliokaa humo ni Wakimbu wachache. Wapagazi waliogopa nchi hiyo, si kwa sababu ya simba wala tembo, ingawa walikuwa wengi, bali kwa sababu ya kiu. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na wote waliona taabu yake. Desturi ya misafara ilikuwa kufanya tirikeza: watu hunywa maji hata kutosheka, hujaza vibuyu, huondoka adhuhuri na kwenda mpaka usiku, hulala bila maji, kisha alfajiri huendelea mpaka kisima cha mbele. Aliyejua mahali pa visima alijua njia. Asiyejua alijua jua tu.

Basi wanyama nao wana tirikeza yao. Kaskazini na mashariki ya mkoa watu wamekuwa wengi, na mashamba ya uwele, mtama na alizeti yameenea; lakini kusini, katika nchi ya Manyoni na Itigi, pori kubwa limesalia. Wadachi walitenga sehemu yake mwaka 1910, wakaiita Pori la Mto Saba. Mwaka 1946 Waingereza wakalibadili jina, likaitwa Rungwa. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ikakatwa, ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baadaye yakaongezwa mapori mawili mengine kando ya Rungwa, ndiyo Kizigo na Muhesi. Ukiyaweka pamoja hayo matatu, Rungwa, Kizigo na Muhesi, utapata eneo la zaidi ya kilomita za mraba 15,000. Tangu mwaka 2016 mapori ya akiba ya namna hiyo yamo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Nchi yetu yahesabiwa kuwa na simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na pori hili lililoungana na Ruaha ni mojawapo ya makao yao makubwa.

Huenda mtu akauliza, Kwa nini pori hilo halikulimwa kama mengine? Mlinzi wake wa kwanza hakuwa askari mwenye bunduki. Alikuwa ni mbung'o. Mdudu huyo huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na watu huwapa malale. Wafugaji walimkimbia, nao wanyama wa porini, ambao hawadhuriki naye sana, wakabaki na nafasi yao. Si mara nyingi tunamshukuru mbung'o, na sidhani kama ng'ombe wataafikiana nasi katika jambo hili.

Tena yafaa kujua jinsi maji yanavyokaa katika nchi yetu. Mvua ya Singida huanza Novemba au Desemba, na huisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi sita au saba. Mvua yenyewe si nyingi, na jua ni kali. Maji ya wazi hunyauka upesi kama maji yaliyomwagwa juu ya chungu cha moto. Maziwa yetu yanayojulikana sana, Singidani na Kindai, yana chumvi. Korongo na heroe huyafurahia, lakini si maji ya kukata kiu. Kwa hiyo maji ya kunywa kiangazi hupatikana mahali pa namna tatu. Kwanza ni katika majabali, ambamo mna mashimo yanayoshika mvua. Pili ni katika mbuga, maana udongo mweusi ukilowa hushikamana hata maji yasipenye kwenda chini. Lakini namna ya tatu ndiyo ya ajabu, nayo ni mito ya mchanga.

Mto kama Kizigo hujaa na kuvuma wakati wa mvua, ukaelekea mashariki hata kuungana na Ruaha Mkuu. Mvua zikiisha, mgeni aufikapo husema, Mto umekufa. Haukufa. Maji yamezama chini ya mchanga, na mchanga umekuwa mfuniko wake. Jua hauwezi kuyanywa. Mama wa kijijini alijua jambo hili tangu utoto wake, ndiyo sababu huchimba mtoni kwa kata, akangoja maji yajikusanye. Tembo naye alijua. Hukwaruza mchanga kwa mguu wa mbele, huutoa kwa mkonga, akachimba hata maji yatokeze. Naye hunywa kwa siku moja lita 100 au zaidi. Akiisha kuondoka, wenye miguu mifupi huja kwenye kisima chake: nyani, ngiri, kanga, hata nyuki. Kwa hiyo anayeua tembo mmoja amewafukia visima wanyama wengi. Na waliuawa kwelikweli. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2009 ilionyesha tembo zaidi ya 30,000 katika nchi ya Ruaha na Rungwa. Mwaka 2013 wakahesabiwa kama 20,000 tu. Wawindaji wa pembe ndio waliofanya kazi hiyo.

Lakini twasema habari za simba, na msomaji atauliza kama simba naye huhitaji maji mengi. Kwa kweli simba huvumilia. Damu na nyama ya mnyama aliyemkamata humpa unyevu, hata aweza kukaa siku kadhaa asinywe. Nyati na punda milia hawawezi hivyo; wao hurudi majini mara kwa mara, na nyati karibu kila siku. Simba alijua saa zao. Hulala majanini karibu na maji, upande ambao upepo haupeleki harufu yake, akawangoja. Kwa hiyo maji kwake si kinywaji tu, ni kama mlango wa ghala ya chakula.

Angalia basi mambo yanavyofuatana. Dimbwi la porini likikauka kabla ya wakati wake, nyati na swala huondoka kutafuta maji mengine. Maji yaliyobaki mara nyingi ni lambo la kijiji au kisima cha mtoni ambako ng'ombe hunyweshwa. Wanyama wakienda huko, simba huwafuata. Usiku mmoja akakutana na ng'ombe, ambaye ni mnene, ni mzito, wala hajui kukimbia kama swala. Asubuhi mwenye ng'ombe aona mzoga wa mtamba wake, aliyemtegemea kwa maziwa, kwa mahari na kwa ada za shule za watoto. Je, mtu huyo atasema nini? Hatuwezi kumlaumu kwa hasira yake. Lakini wengine hutia sumu katika mzoga ule, na sumu haichagui. Simba hula, fisi hula, tai hushuka kwa makundi, na wote hufa. Mwezi wa Februari mwaka 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, walikutwa simba 6 wamekufa kwa sumu, pamoja na tai zaidi ya 70. Tena tai ndio wafagizi wa nchi. Wakiisha, mizoga huoza, na mbwa wenye kichaa huongezeka.

Wala tusidhani kwamba simba hushambulia mifugo wakati wa kiangazi peke yake. Mahali pengine, kama kule Tsavo katika Kenya, imeonekana kwamba mashambulio huzidi wakati wa mvua. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu: maji yakiwa kila mahali, swala na nyati hutawanyika, na simba aliyezoea kuwangoja kisimani hubaki na njaa. Basi mfugaji asilale usingizi kwa kusema mvua imenyesha.

Mfano mkubwa wa maji kukosekana ni Mto Ruaha Mkuu wenyewe. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 hukatika kila kiangazi katika hifadhi, na viboko husongamana katika vidimbwi vyenye matope, wakigombana na kufa, na mamba hujificha mashimoni kandokando. Mto huu hutoka katika milima ya kusini, hushuka katika uwanda wa Usangu, na hapo huingia katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Kinamasi hicho ni kama mtungi wenye tundu juu karibu na mdomo. Tundu lenyewe ni mwamba wa Ng'iriama: maji yakiwa juu ya mwamba, mto huenda, yakishuka chini yake hata kwa shubiri moja, mto husimama, ingawa kinamasi bado kina maji. Wakulima wa mpunga waliongeza mifereji huko juu, wakiendelea kuchepusha maji hata kiangazi, na ng'ombe wengi wakaingia kinamasini. Mtungi ukawa haujai. Mwaka 2008 Usangu ilitiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Ruaha, na wafugaji wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa, jambo lililoleta uchungu mwingi kwa walioondolewa. Mpunga ni chakula cha watu, na maji hayohayo ndiyo yazungushayo mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kwa hiyo shauri la mto huu si la simba na viboko peke yao, wala haliishi kwa amri ya siku moja.

Basi mtu atasema, Mbona dawa ni rahisi? Tuchimbe visima kila mahali porini, na neno limekwisha. Neno halikwishi hivyo. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, walichimba visima na kujenga mabwawa kwa miaka mingi, wakidhani wanawasaidia wanyama wote. Upande wa kaskazini wa hifadhi hiyo aliishi korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye hupenda nchi kavu yenye majani marefu. Maji yalipowekwa, punda milia na nyumbu wakaja kwa wingi. Na simba, kwa kuwa hawakosi mahali palipo karamu, wakaja nyuma yao. Kati ya mwaka 1986 na 1993 korongo wakapungua sana, hata ikawabidi wakuu wa hifadhi kufunga visima vingi. Na katika Tsavo, kwenye ukame wa mwaka 1970 na 1971, tembo elfu kadhaa walikufa, na wengi walifia karibu na maji. Hawakufa kwa kiu. Walikuwa wameyala majani na miti yote iliyozunguka mito, na wenye watoto wachanga hawakuweza kwenda mbali kutafuta malisho kisha kurudi kunywa. Walikufa kwa njaa, miguu yao ikiwa kwenye maji.

Kwa hiyo kazi yenye akili ni kuyahifadhi maji yaliyopo kabla ya kutengeneza mapya. Msitu wa kilele na miti ya kandokando ya mto huzuia udongo usichukuliwe na mafuriko ukajaza madimbwi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima au kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, yaani kama hatua ndefu sitini za mtu mzima. Ni vizuri mwanafunzi akazihesabu mwenyewe siku moja kando ya mto wa kwao, aone ni watu wangapi walioshika sheria. Moto wa pori nao ni adui, hasa ule wa mwishoni mwa kiangazi, kwa kuwa huchoma mizizi na kuacha ardhi ngumu ambayo mvua ya kwanza huiteleza tu isiingie. Na lambo la ng'ombe lijengwe mbali na mpaka wa pori, ili ng'ombe na nyati wasikutane katika kikombe kimoja.

Upande wa watu, wako waliokwisha kuonyesha njia. Katika vijiji vya Iringa vinavyopakana na Ruaha ilianza kazi mwaka 2009, ikiongozwa na bibi mmoja mtaalamu, Amy Dickman. Kwanza waliwauliza wafugaji mifugo yao huliwa wapi, na jibu likawa kwamba wengi huliwa zizini usiku. Zizi la miiba hukauka na kulegea. Tena simba mjanja husimama upande wa upepo, ng'ombe wakinusa harufu yake hushikwa na hofu, wakalivunja zizi wenyewe na kumkimbilia adui yao gizani. Basi mazizi yakazungushiwa waya imara. Wafugaji wengine walipewa mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki, waliozoea kulinda kondoo. Palikuwapo pia desturi ya vijana wa Kibarabaig, kwamba aliyeua simba hupita kwa jamaa akipewa ng'ombe kwa ushujaa wake. Badala ya kuwatukana, waliwachukua vijana haohao, wanaojua nyayo kuliko wengine, wakawafanya walinzi wa kuwaonya wafugaji simba awapo karibu. Kisha wakaweka kamera porini katika ardhi za vijiji. Kila mnyama aliyepigwa picha kijiji kikapata alama, na kijiji chenye alama nyingi kikapata misaada mingi zaidi kwa shule, kwa zahanati na kwa dawa za mifugo. Simba akawa na alama nyingi kuliko dikidiki. Hivyo simba aliye hai akaanza kuwa na faida ambayo hata mama asiyemiliki ng'ombe aliweza kuiona.

Katika mapori ya akiba ya kwetu Singida kuna jambo lingine, nalo ni uwindaji wa kitalii, ambao huruhusiwa kwa kibali na kwa malipo. Wako wasioupenda, na hoja zao zina uzito; wako wasemao kwamba fedha zake ndizo zilizolinda mapori haya yasigeuzwe mashamba, nao hawasemi uongo. Kilicho hakika ni kwamba dume akiuawa angali kijana, dume mgeni huja kulitwaa kundi na kuwaua watoto wote wadogo, hata kifo kimoja kikawa vifo vitano. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2010 kanuni za nchi hutaka simba awindwaye awe dume aliyefika miaka sita. Umri wake hujulikana kwa pua: ya mtoto ni ya waridi, na kadiri anavyokua madoa meusi huenea hata pua yote ikawa nyeusi.

Msomaji akitaka kujua ni nani waliokunywa usiku katika dimbwi lililo karibu na pori, na aende pamoja na mzee ajuaye nchi, jua likiisha kuchomoza vizuri, na asitangulie mbele yake. Kwenye tope ataona kwato za nyati, zilizo pana na za mviringo, na kwato ndogo za swala zilizochongoka. Ataona unyayo wa fisi wenye alama za kucha, na unyayo mwingine mpana usio na alama hizo, kwa kuwa mwenyewe huzificha kucha zake atembeapo. Huyo ni simba. Na mara nyingi kiangazi kikizidi, juu ya nyayo hizo zote ataona kwato za ng'ombe waliokuja alfajiri, na kando yao nyayo za mtoto aliyewachunga.